Bibi wa Kiingereza Sebuleni kwa Mama

Mama yangu, Bi Ghaliya, alipoanza kusahau, alianza na sisi wanawe, leo majina yetu anayajua kesho hayajui, akabaki kumkumbuka bibi wa ukutani. Niliona wivu, sifichi.

Bibi huyo alikuwa mke wa lodi mmoja wa Kiingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mchoraji alimchora kwa rangi, kisha fundi mwingine akaichonga sura yake kwenye bamba la shaba na kuichapa kwenye karatasi, ili wasioimudu picha yenyewe wapate nakala. Marehemu baba, Abdullatif, aliinunua nakala hiyo London alipokuwa mwanafunzi, na tangu tulipohamia Ibra, huku Oman, imekaa sebuleni. Nywele zimepandishwa juu na kupakwa unga, lulu shingoni, pua juu kama aliyenusa papa mkavu wa pwani ya Ashkhara. Mkono mmoja kaulaza mapajani, kiganja wazi. Baba alitwambia kwamba ndivyo walivyopenda kuchorwa wake wa wakubwa wa zama zile: mkono uonekane hauna kazi yoyote duniani.

Mama sasa aliona mkono usio na kikombe.

"Yaa Turkiya, aibu gani hii?" aliniambia asubuhi moja, siku aliyolikumbuka jina langu. "Mgeni kaja tangu alfajiri, hajapewa hata kahawa!"

Tulicheka. Tuliacha kucheka alipokataa kula. Kwa mama, mwenye nyumba hali kabla ya mgeni, na mgeni huyu hali kamwe. Kufika siku ya tatu alikuwa amekunywa maji tu, na mifupa ya mabega ilimtokeza chini ya kanga.

Kaka yangu Aflah, ambaye kila jambo anataka liishe upesi, akasema, "Khalas, naishusha." Akaipeleka stoo. Mama akalia mpaka sauti ikamkauka. "Mmemfukuza mgeni wangu na njaa yake!" Ikabidi Aflah airudishe, huku kanuna.

Aliyetuokoa ni Mwanamvita, dada wa Tanga aliyekuwa na mwaka wa tisa akifanya kazi kwetu. Nyumba nzima tulikula chakula cha mkono wake, naye akila peke yake jikoni, wala hatukuwahi kuuliza kwa nini. Mchana ule alileta sinia ya wali na samaki, akaketi kwenye takia chini ya picha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Shikamoo, Bibi," akamwambia mama. "Huyu mgeni wako leo amefunga. Kaniomba mimi nile kwa niaba yake."

Mama akaitazama picha, kisha akamtazama Mwanamvita.

"Marahaba. Ahlan, mwanangu, tfaddali, karibu ule." Kisha akanigeukia na yale macho yake makali ya zamani. "Na wewe umesimamia nini? Mletee mgeni maji anawe."

Nikaleta birika na bakuli. Mwanamvita akarudisha mikono nyuma kwa haya. Nikamwambia, "Nawa, dada," nikammiminia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumhudumia, na uso uliniwaka kwa aibu.

Mama akamega mnofu wa samaki, akatoa mwiba baada ya mwiba, akamtilia Mwanamvita kinywani. Akangoja mpaka amemeza. Ndipo naye akala.

Tangu siku hiyo bibi wa ukutani amefunga kila siku, na Mwanamvita anakula sebuleni na mama. Maji ya kunawa namletea mimi.