Ng'ombe Waliogeuka Ukungu

Enzi zile za dhahabu pale Matongo, mwanamke mwenye kamera nilikuwa mimi peke yangu, na sikulala njaa. Mchimbaji akishapata, kitu cha kwanza ni shati jipya, cha pili ni picha. Nilimpiga kwa karibu, sura ikajaa, na vya nyuma vyote vikayeyuka. Walipenda hivyo, nami nikajiona fundi.

Mdogo wangu naye alipata. Yeye hakununua shati, alinunua ng'ombe, maana alimpenda binti mmoja ng'ambo ya Sirari mpaka chakula kikawa hakipiti. Baba wa binti alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kuja kukagua ng'ombe wa mahari, akaomba picha. Nikampiga mdogo wangu picha mbele ya zizi, na baba mdogo, mshenga wetu, akaipeleka. Akarudi nayo.

"Mzee anasema kijana amemwona. Anauliza ng'ombe ziko wapi."

Kweli, nyuma ya mdogo wangu palikuwa na ukungu wa kahawia tu. Nilimkasirikia mzee wa watu bure.

"Dada, wakinikatalia nitafanyaje?" mdogo wangu akauliza, na hasira ikaniisha.

Ubavuni mwa lenzi kulikuwa na kitufe nilichowahi kukibonyeza mara moja, nikaona giza kwenye kioo cha kuchungulia, nikadhani nimeharibu kamera. Sikukigusa tena. Asubuhi iliyofuata nilizungusha pete ya lenzi hadi tundu la kuingizia mwanga likawa dogo kabisa, nikakibonyeza. Giza likaingia, ila safari hii sikutoa jicho. Lilipozoea, zikatokea pembe, kisha nundu, na nyuma kabisa fahali mweusi, wazi. Nikaachia: ukungu. Nikabonyeza: ng'ombe. Nilicheka peke yangu. Kumbe muda wote kitufe kilitaka kunionyesha picha kabla sijaipiga.

Shida ni kwamba tundu dogo linataka mwanga, na mawingu yalikuwa yametanda. Ilibidi lenzi ikae wazi kwa muda mrefu zaidi, na mtu yeyote asitikisike. Kamera nikaiegemeza juu ya nguzo ya zizi. Ng'ombe tukawamwagia magadi, wakatulia wakilamba. Mdogo wangu ndiye aliyeshindwa kutulia, kwa furaha.

Picha iliposafishwa, ng'ombe walionekana hadi alama za masikioni. Uso wa bwana harusi ulikuwa umefutika kama ubao wa shule. Mkanda ulikuwa umekwisha na siku aliyotupa mzee imefika, kwa hiyo baba mdogo akaondoka na hiyohiyo. Mdogo wangu alishinda barabarani bila kula.

Jioni baba mdogo akarudi, akavuta kiti, akaomba uji kwanza, akaumaliza wote huku sisi tumesimama.

"Mzee ameitazama sana," akasema. "Anataka tupange siku. Anasema uso wa kijana, binti yake anaujua."