Kidonge cha Shingo na Kidonge cha Tumbo

Mtu wa kwanza niliyemwona amevaa sweta saa saba mchana kando ya Ziwa Nyasa alikuwa mama mdogo wangu. Joto la wakati ule lilikuwa la mbuzi kugombea kivuli cha choo. Mimi nimezaliwa Umatengoni, juu kule Mbinga kwenye kahawa na ukungu, kwa hiyo sweta nalijua, lina saa zake na lina mahali pake. Pale kwetu ufukweni, karibu na Lundo, halina.

"Mama mdogo," nikamwambia, "unaenda Ulaya au ndiyo unarudi?"

Hakunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mama mdogo hajawahi kuniachia neno la mwisho.

Naishi kwake tangu nilipoanza kidato cha kwanza, na sasa niko cha tatu. Ni mdogo wake mama, na yeye pia ni wa milimani, ila aliolewa huku chini. Mume wake anafundisha shule ya msingi Kingerikiti. Anarudi Jumamosi, anasahihisha madaftari, anakula, anaondoka. Siku nyingine zote nyumba ni ya wanawake wawili, mmoja ana sauti na mwingine ana mdomo. Mwenye sauti ni yeye, ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani. Mwenye mdomo msiulize.

Kabla ya kuolewa alipasuliwa shingo. Kwetu milimani uvimbe wa shingo si jambo la ajabu, na wa kwake ulipokua hadi ukambana koo, madaktari wakautoa. Tangu hapo kila siku anameza kidonge kimoja kidogo. Hospitali wanampa kwenye vibahasha vya karatasi vilivyoandikwa "1x1" kwa kalamu, basi. Nyumbani tunakiita kidonge cha shingo, na sikuwahi kufikiri kwamba kinaweza kuwa na jina la kwao.

Matatizo yalianza na sare. Kwaya yetu ilikuwa iende kuimba Liuli siku ya Pasaka pamoja na kwaya nyingine za ufukweni, na mwalimu wa kwaya akaleta kitenge cha bluu. Fundi cherehani akasema kitambaa hakitoshi kumshonea kila mtu kwa kipimo chake. Atashona saizi tatu tu, ndogo, ya kati na kubwa, na kila mama ataje yake pale pale mbele ya wenzake. Sasa nyie, mkiwasimamisha wanawake ishirini na kitu mstari mmoja wajitajie saizi kwa sauti, mnategemea nini? Fundi alishona gauni kubwa moja tu, la bibi mmoja ambaye alishaacha kujali mambo ya dunia. Mama mdogo alitaja "ya kati". Gauni lilipoletwa, lilifika mapajani likagoma kama ng'ombe aliyeona daraja la miti.

"Limerudi hili," akasema, huku analivuta.

"Halijafuliwa bado, mama mdogo."

"Nyamaza wewe."

Wiki hiyo hiyo rafiki yake wa Songea akamtumia boksi la vidonge kwa basi. Vilikuwa vya kuzuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwa mara nyingi kuliko shuka la hospitali, yote Kiingereza. Nyumbani kwetu Kiingereza ni mimi. Nilikuwa nimepata C kidato cha pili, na ile C ilikuwa ya huruma, lakini mbele ya mama mdogo nilikuwa profesa.

"Soma, msomi."

Nikasimama kama katekista. "Mpendwa mgonjwa! Meza kimoja pamoja na chakula chenye mafuta, kisizidi mara tatu kwa siku. Chakula kisipokuwa na mafuta, au usipokula, usimeze. Unaweza kutokwa na mafuta huko nyuma bila taarifa. Na usimsimange mtoto wa dada yako."

"Hilo la mwisho limeandikwa?"

"Aya ya nne."

Akanifinya sikio. Kisha akaweka kidole katikati ya karatasi, kwenye aya moja nene iliyojaa maneno marefu, mengine yana herufi ambazo hatujafundishwa kuziweka pamoja. "Na hapa?"

Nikaangalia. Sikuelewa hata moja. Ningesema sielewi, uprofesa ungeishia pale pale.

"Hapo ni majina ya waliotengeneza dawa," nikasema. "Wazungu wanapenda kujiandika."

"Wengi hivyo!"

"Ni kazi ngumu, mama mdogo."

Akaridhika. Nami nikaridhika, ndiyo ubaya wenyewe.

Siku ya tatu tulikula usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, wakavu, wanaolia mdomoni. Baada ya muda mama mdogo akainuka, akakimbia. Mama mdogo hakimbii. Hata mvua anaisubiri imfikie. Alikaa chooni muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti ya mtu anayeficha wizi.

"Njoo uone."

"Sitaki kuona."

"Kuna mafuta. Ya rangi ya chungwa! Yanaelea!"

"Si nilikusomea? Unaweza kutokwa na mafuta bila taarifa."

"Nilijua ni utani wako!"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alifua khanga yake peke yake, akafuta kiti, na kuanzia siku hiyo akafukuza mafuta nyumbani. Samaki wa kuchemsha, mboga ya kuchemsha, ugali wa muhogo. Lakini vidonge hakuacha, alimeza asubuhi, mchana na jioni. Nikamkumbusha kwamba karatasi inasema pasipo mafuta kidonge hakina kazi.

"Dawa haiponyi kwa kukaa kwenye boksi," akasema. Na asubuhi, badala ya kumeza kile cha shingo peke yake alfajiri kama alivyozoea, akawa anavisubirisha vyote viwili vije na uji. "Viende pamoja," alisema, "vikasaidiane huko huko."

Mimi nilikuwa naona ni akili. Safari moja, abiria wawili.

Wiki zikapita, na hesabu ikaanza kunishinda. Mama mdogo alikuwa anakula kama mgonjwa, anameza dawa ya kupungua, na ananenepa. Uso ulivimba, macho yakawa madogo. Gauni la bluu lililokuwa linagoma mapajani sasa liligoma magotini. Alilala akiwa anachambua mchele. Alinituma chumvi, nikaleta, akanituma chumvi. Ngozi ya mikono ikakauka kama ya kenge, na ndiyo siku zile sweta lilipotoka sandukuni. Nikafungua boksi mara mbili kuhakikisha kwamba hawakukosea wakaweka vidonge vya kunenepesha nguruwe.

Majirani hawakuchanganyikiwa hata kidogo. Wao walishajua: ana mimba. Habari zikapanda mlima, na Jumamosi baba mdogo akashuka kutoka Kingerikiti na mkungu wa ndizi na uso wenye matumaini. Akakaa anamwangalia mkewe anavyosinzia, akaniuliza pembeni, "Anatapika asubuhi?" Nikasema hapana, anasahau tu. Akachukua madaftari yake, lakini nilimwona hageuzi kurasa.

Kisha ikaenda sauti. Mazoezini, mwalimu wa kwaya alikata wimbo katikati kwa mkono.

"Nani anaimba besi upande wa akina mama?"

Watu wakageuka. Mimi nilikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na utani tayari mdomoni nikaumeza. Mama mdogo alikuwa amesimama mstari wa mbele na mdomo wazi, akijishika shingo pale penye kovu, kama anatafuta kitu alichokiweka pale jana.

"Mama, rudi nyuma kidogo," mwalimu akasema kwa upole. "Mafua yakiisha utarudi."

Hayakuwa mafua. Alirudi nyumbani, akalala na viatu.

Jumatatu vidonge vya shingo vilikuwa vimekwisha, na yeye hakuwa na nguvu za kwenda, akanituma mimi hospitali na kadi yake. Nikapanga foleni dirisha la dawa. Dada wa dawa akasoma kadi, akachukua boksi nyuma yake, akaliweka juu ya meza mbele yangu wakati anatafuta kibahasha. Nikasoma jina kwenye boksi kwa sababu nasoma kila kitu, hata karatasi za maandazi.

Nilikuwa nalijua jina lile. Lilikuwa refu, lina x na y mahali pasipohitajika. Alikuwa ni mmoja wa wale Wazungu wangu, watengenezaji.

"Dada," nikasema, "huyu ni nani?"

"Huyu nani?"

"Hapo kwenye boksi."

Akaniangalia kama vile nimekuja kwenye dirisha lisilo langu. "Hilo ni jina la dawa. Hii hii anayomeza mama yako."

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka nimepiga magoti kando ya kitanda chake nikikunjua ile karatasi, nikitafuta aya nene kwa kidole. Jina lilikuwepo. Safari hii nikasoma polepole, na kamusi ya shule, neno kwa neno. Aya nzima ilikuwa inasema: kama unatumia mojawapo ya dawa hizi, mwambie daktari kabla hujaanza. Zilikuwa dawa za shingo, za kisukari, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, na nyingine. Hakukuwa na Mzungu hata mmoja.

"Mama mdogo, amka. Twende hospitali. Na boksi."

"Kesho."

"Leo."

"Una nini wewe? Mbona huchekeshi?"

Tulikwenda kwa bodaboda, yeye katikati na sweta lake. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Aliweka vidonge viwili juu ya meza, kimoja huku kimoja kule, akasukuma katikati yao kalamu.

"Mama, hivi havikai pamoja tumboni. Hiki cha mafuta kinaweza kukizuia cha shingo kisiingie mwilini. Ulikuwa unameza dawa yako kila siku, lakini huenda mwili ulikuwa unapata pungufu. Ndiyo maana baridi, usingizi, sauti, uzito." Akaagiza damu ichukuliwe ipelekwe kupimwa. Cha mafuta aache kabisa kwa sasa. Cha shingo arudi kumeza alfajiri, na maji matupu, kabla ya uji. Kama siku nyingine atataka kile cha kupungua, aanzie pale kwake apimwe uzito, viachane kwa muda wa masaa manne au zaidi, na atapewa vitamini za kumeza wakati wa kulala, kwa sababu kidonge kile kinapozuia mafuta kinaondoka na baadhi ya vitamini. Akiona macho ya njano au mkojo mweusi, aje mbio. Akanigeukia. "Na wewe usiviguse. Si vya watoto wa shule."

Kisha akainua ile karatasi. "Nani alikusomea hii?"

"Nilisoma mwenyewe," akasema mama mdogo.

Mama mdogo hajui Kiingereza zaidi ya "thank you".

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemsomea, daktari. Hiyo aya niliiruka. Nilimwambia ni majina ya watu."

Daktari akaniangalia, akamwangalia yeye.

"Usimsikilize huyu," mama mdogo akasema kwa ile sauti yake mpya ya kiume. "Ana utani sana. Kila kitu kwake utani."

Daktari akatabasamu, akaandika. Nikabaki na ukweli wangu mkononi na hakuna mtu wa kuupokea.

Pasaka ilipofika aliketi kwenye mabenchi pale Liuli na gauni lake la kawaida, akisikiliza wengine. Majibu ya damu yalikuwa yameshathibitisha maneno ya daktari. Uso ulichukua muda kupungua, na sauti ilichukua zaidi, ikipanda kidogo kidogo kama mtu anayejaribu ngazi iliyolegea. Jioni moja alikuwa anakaanga samaki, akajaribu noti ya juu, ikavunjika, akajaribu tena, ikakaa. Aliishikilia mpaka mafuta yakaanza kuruka.

Nikaona ndiyo nafasi. "Mama mdogo, siku ile kwa daktari. Ulikuwa umesahau kweli nani alikusomea ile karatasi?"

Wakati ule alikuwa anasahau hata chumvi, kwa hiyo inawezekana. Inawezekana pia kwamba hakusahau kitu.

"Karatasi gani?" akasema, na akaniangalia kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Mimi huwa najua nikitaniwa. Safari hii sikujua, na mpaka leo sijui.

"Lete sahani," akasema.