Chai ya Mwisho ya Kisima cha Mama

Hii aibu nilikuwa nimeamua nizikwe nayo, lakini kwa vile mtaa mzima unaisimulia na kila mtu ameipaka pilipili yake, afadhali muisikie kwangu: mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku nikiwa na mvi, mimi ninayeitwa Prof kutoka hapa kwetu Nakuru mpaka Subukia (sawa, mpaka kwa kinyozi), nusura niwanyweshe chifu na maofisa wa serikali maji yale yale waliyokuja kuyapiga marufuku.

Kisima chenyewe alikichimbisha mama. Baba alikuwa mtu wa reli, leo yuko hapa kesho Kisumu, kwa hivyo mama ndiye alisimama pale kuwafokea wachimbaji akiwa amenibeba mgongoni. Na maji yake, wacha niwaambie, ungeyanywa matupu watu wangekuuliza nani amekutilia sukari. Chai ya mama ilikuwa inavuta wageni kutoka Molo. Tangu tumzike, mimi humkumbuka kwa ulimi kwanza, halafu ndio macho yanafuata.

Sasa, upande wa juu kulikuwa na kiwanda cha kuchovya nguzo za stima kwenye dawa zisiliwe na mchwa. Kiwanda kilifungwa, dawa ikabaki, ikateremka polepole chini ya ardhi mpaka kwa visima vyetu. Mwanzoni kila ofisi ilikuja kivyake: watu wa maji wakasema tusiteke, watu wa afya wakasema tutie tembe kwa mtungi, watu wa mazingira wakasema tungoje vipimo, naye chifu akasema hajaambiwa kitu. Sisi tukaendelea kuteka. Jirani yangu Mama Shiro alikuwa anasema, "Wakishasikizana wao, watuite."

Wakasikizana, tena wakaja pamoja. Mpango ulikuwa mmoja: kila kisima kifuniko cha chuma na kufuli nne, kila ofisi na ufunguo wake, ili asiweze mmoja kulegeza bila wenzake, na lori la maji lije kila siku mpaka bomba lifike. Kisima cha kwanza kufungwa? Changu. Wa kuwahutubia majirani? Prof.

Asubuhi ya siku hiyo nilienda kukiaga. Kukiaga tu, naapa. Lakini ndoo ilikuwa pale, kamba ilikuwa pale, na mkono nao una kumbukumbu zake. Nikajiambia, kikombe kimoja, cha mwisho, na nitachemsha mpaka sufuria ilie. Nikapika vile mama alikuwa anapika, tangawizi ya kupondwa na jiwe, nikaitia kwa themosi yake ya zamani yenye maua mekundu, nikaificha nyuma ya kabati, wageni wakienda nikae pale kisimani peke yangu ninywe polepole. Sikuonja hata tone.

Watu walijaa kama mkutano wa kampeni. Nikasimama, nikapiga hotuba. "Asiteke mtu! Hata ya kuosha miguu! Hata ya kuku!"

"Na wewe Prof, uliacha lini?" Mama Shiro akauliza kutoka nyuma.

"Mimi? Mimi hata ladha yake nimeisahau!"

Makofi. (Yale makofi bado yananiuma.)

Kumbe mke wangu, Rose, alikuwa amepika chai ya maji ya lori, na wageni wamezidi, na kwetu mgeni haendi hivi hivi bila chai. Akatafuta huku na huku, akaiona themosi nyuma ya kabati, akamshukuru Mungu, akamimina. Mimi nilijua kwa pua. Ile harufu ilipita hewani nikawa mtoto, nikageuka karibu niseme "mama", na kumbe ni yule ofisa wa afya (mama mpole, sisi humwita daktari) ameshainua kikombe mpaka mdomoni.

"Msinywe!"

Nadhani niliruka meza. Kikombe kiliruka pia, kikamwagikia chifu kwa sare yake. 

"Kuna nini?" chifu akauliza, akijipangusa.

Hapo ningesema ukweli mambo yaishe. Nikasema, "Kuna... kuna mende."

Rose akaweka themosi chini polepole. "Mende? Kwa jikoni yangu, Baba Kevo?"

"Mmoja tu. Mdogo."

"Mbele ya chifu unaniambia mende?" Akajimiminia kikombe kimejaa. "Basi nitakunywa yote, huyo mende wako animeze yeye."

Akakiinua. Jamani, nimeshazika mwanamke mmoja wa boma hili. Nikamshika mkono. "Rose, wacha! Ni ya kisima. Nimeteka leo asubuhi."

"Haiya!" Mama Shiro akapiga kofi. "Kumbe ladha umeikumbuka!"

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Lakini mwanaume mmoja akasema, "Kama Prof anakunywa, sisi tunazuiliwa nini?" na nikaona vichwa vinatikisika, na mpango wote wa ofisi nne unabomoka kwa sababu ya hamu yangu.

Daktari akaniuliza kwa upole, "Ulichemsha?"

"Sana."

"Kuchemsha kunaua viini. Dawa ya nguzo haiendi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Nikawageukia majirani, bila Kiswahili cha darasani sasa. "Mmesikia. Mimi ndiye mwenye hiki kisima, na ni mama alinichimbia, na bado nimemnyang'anya mke wangu kikombe. Hotuba yangu ni hiyo tu."

Mama Shiro hakucheka tena. "Changu kifungwe cha pili," akasema.

Ikabaki chai. Nimwage wapi? Wa mazingira akakataa isimwagwe shambani, wa maji akakataa mtaroni, daktari akakataa isirudi kisimani, na ndio mara ya kwanza siku hiyo niliwaona wakibishana. Mwishowe wakakubaliana: inaenda maabara, na themosi yake. Kufuli zikalia moja baada ya nyingine, nami nikasimama nikiangalia maua mekundu yakiondoka kwa gari la serikali.

Nimeitafuta hiyo themosi kuliko nilivyotafuta cheti. Watu wa maji wananituma kwa mazingira, mazingira kwa afya, afya kwa chifu, na chifu anaangalia sare yake kwanza ndio anijibu. Juzi daktari akaileta mwenyewe. Nilifungua kifuniko nikanusa, nikanusa tena. Imeoshwa. Safi kabisa, ni kama haikuwahi kuwa ya mtu.

Rose ameijaza chai ya maji ya lori. Si ile. Nimeapa sitapika tena ile nyingine, hata kufuli zikifunguka zenyewe. Kila jioni namuomba Rose animiminie, na kila jioni, kabla sijainua kikombe, anachungulia ndani na kuniambia, "Kunywa, Prof. Leo hakuna mende."