Mazoezi Yaliyoshonwa Kwenye Sketi

Fundi cherehani yule hakuumia kazini, ingawa ndivyo alivyowatangazia majirani. Alimwona kwa mbali mteja wa suti, suti ambayo ilikuwa bado ni kitambaa, akaamua kuingia mitini kwa mlango wa nyuma. Kizingiti hakikumwonea huruma. Kifundo cha mguu wa kulia kikateguka, na mteja akamkuta chini, ikabidi ampe pole badala ya maneno makali aliyokuja nayo.

Miezi saba ikapita, kifundo bado kimevimba. Si kwamba hakukitibu. Alikikanda kwa maji moto, akakipaka kila dawa inayonuka, akakifunga kwa bitana za wateja. Kukipumzisha tu ndiko kulikomshinda, maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ni huo huo.

Hatimaye mkewe akamburuta hadi zahanati, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mwembamba asiyecheka ovyo. Dada akakizungusha kifundo, fundi akaona nyota.

"Mfupa mzima, kano ndizo zimelegea," akasema. "Wiki sita usiguse cherehani, mzee. Mpira huu upitishe chini ya vidole, uvute, uachie, mara tatu kwa siku. Halafu simama kwa mguu huu mmoja mpaka ufike nusu dakika."

"Binti, kukanyaga ndiyo mazoezi yangu. Miaka ishirini na miwili!"

"Ndiyo maana uko hapa."

Mkewe akakalia kiti cha cherehani. Ni kwa muda tu, fundi alimwambia kila aliyepita. Yeye akajinyoosha mkekani nyuma ya duka na ule mpira wa njano, mpana, unaovutika vizuri. Akauvuta mara mbili. Mara ya tatu uzalendo ukamshinda. Alijua lastiki nzuri akiiona, na pale msumarini ilining'inia sketi ya mteja iliyokosa lastiki ya kiuno. Akachukua mkasi.

Wiki ya tatu, zahanati, alisimama kwa mguu mmoja sekunde nne, kisha akakumbatia kabati la mafaili.

"Mpira wangu unatumika kweli?" dada akauliza.

"Unatumika kila siku," akajibu, wala hakudanganya. Mwenye sketi alikuwa nao sokoni wakati huo huo.

Mkewe, aliyekuwa kando, akatoboa siri. Dada hakugomba. Alitoa mpira mwingine, akaugonga muhuri wa zahanati kila baada ya upana wa kidole kimoja, akamkabidhi.

Lakini kilichomtisha fundi si muhuri. Ni utulivu wa dukani. Zamani asubuhi ilianza kwa makelele ya watu wanaodai nguo zao. Sasa walikuja, wakapima, wakachukua, wakashukuru. Nguo zilikuwa tayari siku iliyoahidiwa! Jasho jembamba likamtoka. Kiti chake kilikuwa kinamponyoka huku anakikodolea macho. Basi akauvuta mpira kwa hasira, akasimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, akipokea simu, akinuna. Sijasikia mgonjwa mwingine aliyetibiwa na wivu akapona vizuri namna ile.

Wiki ya sita alitimiza nusu dakika na ziada, dada akamruhusu. Mkewe akainuka kitini, akaenda kununua uzi. Fundi akaketi, akavuta pumzi, akakanyaga. Kifundo kikatii. Hapakuwa na maumivu hata chembe, na furaha ilimjaa mpaka akataka kulia.

Akaingia mama mmoja na kitambaa cha gauni. Alipoona nani amekaa kitini, akaanza kukikunja tena.

"Pole na mguu, fundi. Umepona?"

"Kabisa! Hebu lete hicho kitambaa."

"Aa, usijisumbue, baba. Nitarudi mama akiwepo."

Akaondoka na kitambaa chake kwapani. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mguu ulikuwa bado unakanyaga, na chini ya sindano hapakuwa na kitu.