Aliyefika Mwisho Ndiye Aseme Twende

Nakumbuka Jumapili moja tulipotoka Jang'ombe kwa baiskeli kwenda Jozani, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu, kwa sababu sasa wewe ndiye utakayeongoza msafara, na aliyetangulia kuchanganyikiwa ana haki ya kumnasihi anayemfuata.

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, wenzangu wakanipa uongozi. Wiki nzima nikawaza: mwenye mbio akae wapi, mzito akae wapi, upepo ukitukabili je, mvua je. Mwisho nikaamua wenye mbio watangulie, kisha watungoje kila njia panda. Nikaona nimetenda haki.

Kati yetu alikuwamo Bi Rukia, mwalimu mstaafu, mkubwa wetu sote. Binti yake alimwambia hatafika Jozani. Naye akajibu kwamba asipofika, baiskeli ataiuza asiiguse tena.

Fuoni tukamngoja. Tunguu tukamngoja. Bi Rukia alipotokea Bungi, Sule, fundi wa vigae mwenye miguu isiyojua kuchoka, alikuwa keshapanda baiskeli yake.

"Mnangoja nini nyinyi?" Bi Rukia akauliza.

"Tunakungoja wewe, Bi Rukia," Sule akajibu.

"Nyinyi mnapumzika. Mimi nikifika, mnaondoka. Tangu Fuoni sijameza hata funda la maji."

"Tukikaa sana miguu inapoa."

"Yako inapoa, baba. Yangu haijapata nafasi hiyo."

Wenzangu wakacheka, mimi nikaona haya. Ndiyo maana wakubwa wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwomba radhi, nikamweka mbele ili sote tufuate mwendo wake. Nilidhani nimepata dawa. Hatukwenda mbali, akateremka na kuanza kuigeuza baiskeli kuelekea mjini.

"Hapa mbele nnasikia breki zenu mgongoni," alisema. "Kila nikipunguza, kwii. Mnaniswaga kama ng'ombe. Bora nirudi."

Hapo nikachanganyikiwa kweli. Nyuma anaonewa, mbele anaswagwa. Nimweke wapi? Nikamuuliza swali hilo hilo, maana sikuwa na jingine.

"Ungeniuliza Jang'ombe," alisema. "Hata imamu huwafikiria wanyonge walio nyuma yake, nawe umetupanga kama viti vya harusini. Nipe mtu mmoja aende ubavuni kwangu, asinihimize. Nikifika ninywe maji yangu. Nikisema twende, ndio twende."

"Na mimi je?" Sule akauliza. "Kwa mwendo huo ntasinzia."

"Wewe nenda," Bi Rukia akamwambia. "Ukiona hatuji, rudi utupokee."

Sule akawa anakwenda na kurudi, sijui mara ngapi, na furaha yake ikazidi ya asubuhi. Tulifika Jozani jua limeshapanda. Bi Rukia akapiga simu kabla hajavua kofia. "Nshafika," alimwambia binti yake. "La, hakuna aliyenisukuma." Kisha akamsikiliza, na uso wake ukakunjuka.

Usidhani, mwanangu, kwamba baada ya hapo nilielewa. Katika safari ya Bububu nilimweka mzito mwengine katikati, nikampa mtu wa ubavuni, akanuna njia nzima. Yeye alipenda kubaki mkiani peke yake, asisemeshwe. Mpaka leo sijui mtu hukaa wapi, na nimekwisha kuona kwamba nikijifanya najua, kuna mtu anaumia.

Basi nasaha yangu ni hii. Muulize kila mtu kabla hamjatoka, na muulize tena njiani, kwani miguu ya saa moja si miguu ya saa nne. Aliyefika mwisho ndiye aseme twende. Mwenye mbio usimfunge, mpe sababu ya kurudi. Na ukichanganyikiwa, sema umechanganyikiwa. Mwenye kuuliza njia hapotei.

Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana na subira isiyoisha, akuepushie pancha na madereva wenye hasira, na kila utakayetoka naye, akujaalie urudi naye.