Antigua Yangu ya Diepsloot

Kanisa letu la Wakenya hapa Johannesburg liliniaga kwa keki na maombi, maana ofisi ilikuwa inanipeleka kuishi Antigua, Guatemala. Viza ikakataliwa. Keki ilishaliwa, nikaona aibu kusema. Nikajificha Diepsloot, kitongoji cha pembezoni mwa jiji, kwa msusi Mkongo, ambaye ukuta wa saluni yake ni wa manjano kama nyumba za kikoloni za Antigua.

Jumamosi jioni nikasimama mbele ya ukuta huo, nikawapigia washirika kwa video. "Wapendwa, huku barabara ni za mawe, na volkano ile pale," nikasema, nikionyesha upande wa draya ya nywele.

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Akaingia Mama Joy, mke wa mchungaji, kilemba kichwani, mfuko wa rasta za kusukia mkononi.

Kwenye simu wote wakasogeza nyuso karibu. Kisha mchungaji akauliza taratibu, "Mama Joy, na wewe umefika Guatemala saa ngapi?"