Mwalimu wa Figo Aanguka Gachoka

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipelekwa Gachoka, nyanda kavu za joto, mimi mtoto wa Githongo niliyelelewa kwenye ukungu wa mashamba ya kahawa. Jua la huko nililidharau. Nilikuwa na diploma ya biolojia. Jua lilikuwa na nini?

Wiki ya michezo niliwafundisha Kidato cha Tatu habari za figo, kwa madaha.

“Mirija hii midogo ndiyo inayopima,” nikawaambia. “Maji yakipungua mwilini, inayarudisha kwenye damu, mkojo unakolea. Ukinywa mengi, inayaachilia. Chumvi nayo inaokotwa humo humo. Msihangaike.”

Siku yenyewe nilisimamia mbio tangu asubuhi, shati limelowa jasho. Mpishi wa shule, mama mzaliwa wa pale, akaniletea bakuli la supu yenye chumvi.

“Kunywa, mwalimu. Hili jua si la kwenu.”

“Asante mama, maji yanatosha. Figo zitapanga.”

Nikanywa maji matupu, jagi baada ya jagi, wanafunzi wakinitazama kama mfano bora. Kufikia saa nane kichwa kilikuwa kinagonga. Mbio za walimu zilipoanza nilikimbia hatua ishirini, nikayumba hadi jukwaani, nikamtapikia mgeni wa heshima viatu. Inasemekana pia nilimwita shangazi. Alikuwa mzee mwenye ndevu.

Wanafunzi wangu walinibeba hadi zahanati. Daktari akanipima, akatikisa kichwa.

“Jasho limetoka na chumvi, wewe ukarudisha maji peke yake. Damu imekuwa nyepesi. Na mwili ukichoka kwa joto namna hii, ubongo huiamuru mirija ya figo ishikilie maji badala ya kuyamwaga. Mirija haiwezi kutengeneza chumvi ambayo hukula.” Akanitundikia dripu ya maji ya chumvi. “Unafundisha somo gani?”

“Hesabu,” nikajibu.

Msichana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa amenishikia koti aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Jumatatu mwalimu mkuu alitangaza gwarideni kwamba nilianguka kwa kujitolea kupita kiasi. Shule nzima ikanipigia makofi. Niliinamisha kichwa, kama wafanyavyo watu wanyenyekevu.

Mchana, wanafunzi wakiwa kwenye foleni ya chakula, nikaenda moja kwa moja jikoni kumwomba mpishi msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudi nyuma nipange foleni kama wengine.